Tulipompima Mtoto wa Dada Yangu

Mtoto wa dada yangu alipoinama kuingia kwenye bajaji pale stendi ya Garissa, dereva alimzuia kwa mkono, akazunguka nyuma kuyaangalia magurudumu yake, kisha akaniambia kwa Kisomali, "Mama, huyu nitambeba peke yake. Wewe na mabegi tafuteni nyingine." Tukaenda nyumbani na bajaji mbili. Yake ilitangulia, imelala upande kama mtu mwenye jino bovu. Yangu ilifuata, nami nimezikwa na masanduku. Watu wa barabarani waligeuka kuangalia. Hata ndege korongo waliokuwa kwenye jaa la takataka karibu na soko walisimama wakainua shingo, au labda nilijidanganya kwa furaha.

Dada yangu mkubwa alihamia Marekani kabla huyu kijana hajazaliwa. Kwa miaka ishirini na miwili tulimjua kwa picha na simu tu. Kila picha iliyokuja alikuwa amepanuka zaidi, hadi mama yangu, yaani nyanya yake, akaanza kushuku kwamba simu ndiyo iliyoharibika. Kumbe simu ilikuwa nzima. Alikuja Januari kwa ajili ya arusi ya binamu yake, na ilibidi tumtandikie magodoro mawili sebuleni, moja baada ya jingine, kwa sababu hakuna kitanda nyumbani kwetu ambacho tulikuwa tayari kukipoteza.

Chuo alichosoma huko kilikuwa kinamlipia masomo kwa sababu ya mpira. Si huu mpira wetu. Ni ule wa Marekani, wa kofia ngumu na mabega ya kubandika, ambao mpira wenyewe umechongoka pande mbili. Naye hakuwa hata mmoja wa wale wanaoukimbiza. Alikuwa mmoja wa wanaume watano wakubwa wanaosimama mstari mmoja mbele ya mtupaji wa mpira, kazi yao kuwazuia wapinzani wasimfikie. Watano hao wakifanya kazi yao sawasawa, hakuna anayewaona. Mmoja akikosea kidogo, mtupaji analala chini na uwanja mzima unajua ni nani wa kulaumiwa.

Siku ya pili baada ya kufika, baada ya sala ya alasiri, tulikaa kivulini karibu na jiko. Alikuwa amemaliza kikombe kikubwa cha maziwa ya ngamia na anatafuta kwa macho kingine.

"Habaryar," akaniita. Kwetu mama mdogo huitwa hivyo, na mama mdogo naye humwita mtoto kwa neno hilo hilo, kwa hiyo tunaweza kuitana habaryar kutwa nzima bila mtu kushangaa. "Mama anasema kazi yako ni kuchagua wachezaji."

"Kuchagua na kuacha," nikamwambia. "Kuacha ndiyo kazi kubwa."

Ni kweli. Mimi ni mkufunzi wa michezo katika chuo cha walimu hapa mjini. Kwa miaka mingi nimekuwa nikichagua timu za voliboli, za wanawake na za wanaume, na wako watu wazima Garissa hii ambao bado wakiniona sokoni hujifanya wanaangalia nyanya kwa sababu niliwaacha nje ya kikosi.

"Basi nichague mimi, au uniache," akasema. "Nataka unitazame halafu uniambie ukweli."

Akanieleza. Mwishoni mwa Aprili klabu zote za kulipwa huko Marekani hukutana na kuwachagua wanafunzi waliomaliza, mmoja mmoja, raundi baada ya raundi. Kabla ya hapo wanawapima: uzito, urefu, mbio, kuruka, kila kitu. Shughuli yenyewe inaitwa drafti.

Mama yangu alikuwa mkekani, tukidhani amesinzia. Akafumbua macho. "Drafti? Ile ya vifuniko vya soda, wanayocheza wazee mbele ya duka? Mtoto amekula hivi akawa mkubwa hivi, ili acheze drafti?"

Tulijaribu kumwelewesha tukashindwa. Kuanzia siku hiyo alikuwa akiwaambia wageni kwamba mjukuu wake ni bingwa wa drafti Marekani, nao wageni walimtazama yule kijana kwa heshima mpya.

Alikuwa na video nyingi kwenye simu. Mechi nzima nzima, zilizopigwa kutoka juu kwa nyuma ili wachezaji wote waonekane. Wiki hiyo nilizitazama wakati wa chai, wakati wa mapumziko kazini, na nikisubiri wali uive. Shida ya kwanza ilikuwa macho yangu. Jicho linapenda mpira. Ukilielekeza kwa mtu mmoja, mpira ukiruka tu na lenyewe limeruka. Mwishowe nikawa nauziba upande wa pili wa kioo kwa kiganja, nimwone yeye tu, pale pembeni kabisa mwa mstari, upande wa kushoto.

Mwenzangu wa idarani alijiunga. Yeye ni mtu wa Kakamega, zamani alicheza raga, na alikuwa na hakika kwamba anauelewa mchezo huu kwa sababu una watu wanene. Baada ya mechi mbili akakiri kwamba haelewi lolote, lakini haachi.

"Angalia miguu yake," nilimwambia. "Mtu wa kilo zile, angalia anavyokanyaga."

"Kama anapita katikati ya watoto waliolala," akasema mwenzangu.

Nilikubaliana naye. Miguu ya kijana ilikuwa nyepesi, hatua fupi, goti limekunjika sawa, nyonga ziko chini. Kusukumana kifua kwa kifua hakuna aliyemshinda. Nikaona na jambo jingine, nikafurahi sana kuliona. Kabla mpira haujaanza kuchezwa, wachezaji wa mstari huweka vidole vya mkono mmoja chini. Yeye, wakati wa kusukuma mbele, aliviegemea vidole vile mpaka vikawa vyeupe. Wakati wa kumlinda mtupaji, vilikuwa vinagusa ardhi tu. Mpinzani mjanja angejua kinachokuja. Nikamkimbilia nyumbani na ugunduzi wangu.

Alicheka mpaka magodoro yakatikisika. "Habaryar, kocha aliniambia hilo mwaka wa pili. Hizo ni video za zamani. Siku hizi natumia vidole hivyo kudanganya."

Nikarudi kwenye chai yangu.

Lakini lilikuwapo jambo ambalo sikulipenda, na kila nikitazama lilirudi. Wale wapinzani wa pembeni, warefu wembamba wenye mikono kama fito, walimfikia kifuani kabla yeye hajawafikia. Si kila mara. Ila walipofika kwanza, kichwa chake kilirudi nyuma, akawa anasimamia visigino, na mtu akisimamia visigino hata upepo unamwangusha. Nilidhani anachelewa kunyoosha mikono. Nilitazama tena na tena, hachelewi.

Jibu lilitoka kwa fundi cherehani.

Tulimpeleka ashonewe kanzu ya arusi. Fundi yule ana kibanda kidogo nyuma ya maduka ya vitambaa, na utepe wake wa kupimia haukutosha kukizunguka kifua cha kijana, ikabidi aazime mwingine kwa jirani auunganishe. Alimpima tumbo akasema mashallah. Alimpima mgongo akasema mashallah tena, akaongeza na subhanallah. Kisha akaweka utepe begani, akashuka nao mpaka kifundo cha mkono, akasita, akapima upya.

"Mwili umenimalizia kitambaa," akasema akicheka, "lakini mikono imenihurumia. Mikono ni ya mtu wa kawaida."

Mimi nilicheka. Mtoto wa dada hakucheka. Alishusha mikono yake akaitazama.

Tulirudi kwa miguu, tukiufuata ua wa mathenge unaozunguka chuo chetu. Mathenge ule una miiba ya kutoboa hata tairi ya lori, kwa hiyo tulitembea katikati ya barabara. Akaniambia kwamba huko Marekani mikono hupimwa kutoka begani hadi ncha ya kidole cha kati, na kwa mtu wa pembeni kuna kipimo ambacho klabu zinakitaka. Yeye anapungukiwa na upana wa kidole kimoja. Upana wa kidole! Kuna klabu ambazo zikiona hivyo hazifungui hata video.

"Kwa hiyo," akasema. "Umetazama wiki nzima. Sema."

Nimewahi kuwaambia watu wengi maneno haya, na sijawahi kupata namna nzuri ya kuyasema. "Ukicheza pembeni hutafika klabu za kulipwa," nikamwambia. "Chuoni uliweza kwa sababu ya miguu. Kule juu wote wana miguu, na wana mikono pia. Lakini hapo katikati ya mstari, pale watu wanapobanana na hakuna nafasi ya kunyoosha mkono, mikono mifupi si kitu. Hapo wewe ni hatari. Ingia ndani. Katikati kabisa."

 Pikipiki ikapita ikatufunika vumbi.

"Kocha wangu amesema vivyo hivyo," akasema.

"Sasa umenisafiria mimi ya nini?"

"Nilifikiri wewe utaona tofauti," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa mwili ule. "Wewe ni mama yangu mdogo."

Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nimeulizwa nini. Pembeni ndipo penye sifa. Katika wale watano, watu wa pembeni ndio hulipwa na kutajwa zaidi. Alikuwa amecheza pembeni tangu sekondari, na alikuja kwa mtu wa damu yake akitumaini damu italainisha jicho. Ningeweza kumdanganya, na moyo ulitaka. Lakini nilikuwa nimeshasema, na niliyoyasema nilikuwa nayaamini.

Asubuhi yake aliondoka na kaka yangu kwenda Balambala, ambako tuna shamba dogo karibu na mto. Hakuniaga vizuri. Mama yangu alinijia jikoni amekasirika.

"Umemwambia nini mtoto? Amekula anjera mbili tu!"

"Ameniuliza kazi yangu, nimemjibu."

"Kazi yako ya kuwaliza watu," akasema mama. "Walize wa watu. Wa kwetu waache."

Kaka alinipigia simu akasema kijana anaamka mapema, anabeba mabomba ya kumwagilia migomba, halafu analala chini ya mti mchana kutwa, hasemi na mtu. Mbuzi wamemzoea. Nilikuwa nikiishika simu kila saa. Siku ya arusi alirudi, amebabuka pua kwa jua. Akala kama alivyokuwa akila siku za mwanzo, akacheza na wanaume wenzake mpaka kanzu ikaachia mshono wa kwapa, na baada ya hapo akaja kukaa karibu nami akinuka udi na jasho.

"Nimefikiri," akasema. "Napenda sifa, sitakudanganya. Lakini nikijaribu kuwaza mwaka ujao bila mpira, sioni kitu. Kama ni katikati, basi katikati. Unaweza kunisaidia kabla sijarudi?"

"Kusaidia vipi? Sijui hata kofia inavyofungwa."

"Nahitaji mtu wa kupokea."

Sasa niwaeleze shida ilikuwa wapi. Mchezaji wa katikati ndiye anayeanzisha mchezo. Anainama, anaushika mpira chini mbele yake, na anaupitisha katikati ya miguu yake kwenda kwa mtupaji aliye nyuma. Mara nyingine mtupaji anasimama amemgusa kabisa. Hiyo niliikataa hapo hapo. Ninaishi Garissa, nina jina langu, nina jilbabu langu, na nina wanafunzi. Ila iko namna nyingine, ambapo mtupaji husimama hatua kadhaa nyuma na mpira hurushwa hewani. Hiyo nilikubali, kwa sharti kwamba tufanye asubuhi baada ya alfajiri, kwenye uwanja ulio ndani ya ua wa chuo.

Mpira wa kwanza ulipita juu ya kichwa changu ukaingia kwenye mathenge. Wa pili ulinipiga gotini. Wa tatu ulikwenda kwa mwenzangu wa Kakamega, ambaye alikuwa amesimama mbali kabisa akinywa chai. Kumbe kuurusha mpira kinyumenyume huku umeinama, kisha papo hapo kuinuka na kumzuia mtu anayekujia usoni, si jambo la mchana mmoja. Kijana alitokwa jasho likatengeneza dimbwi.

Siku ya pili tukawaleta wanaume wa timu yangu ya voliboli, wanafunzi wa ualimu, warefu na wepesi. Tuliwapa magodoro ya bwenini wayashike kifuani, wamkimbilie. Mwenzangu alijiteua kuwa mkubwa wao. "Nitakuonyesha raga!" alipiga kelele, akaja mbio na godoro lake. Mtoto wa dada akarusha mpira, akainuka, akamwekea viganja viwili kwenye godoro. Mwenzangu alirudi alikotoka kwa mwendo ule ule, ila sasa akiwa amekaa. Wanafunzi walifurahi kuliko siku ya matokeo ya mtihani.

Na mimi, katikati ya vicheko, niliona nilichokuwa nakitafuta. Hapo ndani, kwenye nafasi finyu, mikono haikuwa na kazi ya kurefuka. Walimjia wawili kwa pamoja, mmoja kulia mmoja kushoto, naye alimsukuma wa kwanza kwa nyonga tu, akageuka, akamkuta wa pili. Miguu ile ile myepesi. Kichwa hakikurudi nyuma hata mara moja.

"Hivyo!" nikapiga kelele. "Hivyo hivyo, habaryar!"

Habari zilimfikia mama yangu. Siku ya mwisho alikuja uwanjani, akawekewa kiti cha plastiki. Alitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia mwenzangu, ambaye haelewi Kisomali, na Kiswahili cha mama yangu ni cha kwake mwenyewe.

"Wewe mwalimu. Kijana yangu nainama hifyo kwa nini? Na hii mbira natoka wabi?"

Mwenzangu, mtu wa adabu, alitafuta maneno kwa muda. "Mama, huo mpira unatoka... upande wa mbele."

"Mimi naona natoka ubande ya nyuma," akasema mama yangu, na ikabidi mazoezi yasimame kwa sababu hakuna aliyeweza kusimama wima.

Aliondoka mwishoni mwa Januari. Machi alipimwa huko chuoni kwake mbele ya watu wa klabu. Alinipigia jioni yake. Mikono haikuwa imeota. Bado ni kidole kimoja pungufu. Lakini alikuwa ameomba ajaribiwe katikati, akarusha mipira yote bila kupoteza hata mmoja, na watu wawili walikaa naye baadaye wakamwuliza maswali mengi. Nilimwuliza anajisikiaje. Akasema, "Nimechoka vizuri."

Siku ya mwisho ya kuchaguliwa, kwetu ilikuwa jioni ya Jumamosi. Nyumba ilijaa majirani, wengi wao wakisubiri kuona vifuniko vya soda. Majina yalisomwa, moja baada ya jingine, raundi ya nne, ya tano. Watu wakaanza kuaga. Raundi ya saba, ya mwisho, ilipokwisha usiku wa manane, jina lake halikuwa limesomwa. Dada yangu kule Marekani alizima simu. Nami nilitandika, nikalala na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, maana hakuna aliyekosea.

Baada ya sala ya alfajiri simu ililia. Alikuwa yeye.

"Wameniita," akasema. "Sikuchaguliwa, lakini drafti ilipokwisha klabu mbili zikapiga simu. Nimechukua moja. Nitakwenda kambini kupigania nafasi."

"Wamekuita ucheze wapi?"

"Katikati."

Nilikaa chini pale pale penye zulia la sala. Simu niliiweka mapajani, na yeye alikuwa amezoea kunisikia nikisema mengi, kwa hiyo akauliza kama mtandao umekatika.

Kambi ilikuwa ndefu na ngumu. Mwishoni mwa Agosti walimwondoa kwenye kikosi, siku iliyofuata wakamrudisha kwenye kile wanachokiita kikosi cha mazoezi: watu wanaofanya kila kitu na wenzao wiki nzima, halafu siku ya mechi wanatazama. Alikaa hivyo miezi. Alisema kila siku anasukumana na wanaume waliomzidi nguvu, na kila wiki tofauti inapungua kidogo. Nilimwamini, kwa sababu alikuwa anatuma video na nilikuwa naona.

Kisha mtu wa katikati akaumia goti, na wa akiba wake akaugua, na Jumapili moja ya Novemba mtoto wa dada yangu aliingia uwanjani kipindi cha pili. Dada yangu hakuweza kutazama. Alikwenda kufua nguo ambazo tayari zilikuwa safi. Mimi nilitazama kila kitu. Aliangushwa mara moja, vibaya, na mtupaji akalazwa chini. Mara zilizobaki alisimama. Timu ilishindwa, lakini si kwa sababu yake.

Alinipigia kabla hata hajaoga. Nyuma yake nilisikia milango ya makabati na wanaume wakikohoa.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Sema ukweli."

"Ile uliyoanguka, uliinuka mapema. Mabega yalitangulia kiuno. Nyingine zote nimezipenda."

Alikuwa anahema. "Yule mtu alikuwa mzito, habaryar. Hujui alivyokuwa mzito."

"Najua. Nenda kaoge, kisha umpigie mama yako. Amefua mpaka mapazia."